Kapteni Ameitwa Harusini Bila Nishani

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimejiingiza kwenye uongo na sijui pa kutokea. Mume wangu ni kapteni mstaafu mwenye nishani ya ushujaa, na si nishani ya kupendwa na wakubwa, kwani kikosi chake kiliposhambuliwa darajani na lori likashika moto, aliingia mara tatu huku risasi zinamiminika, na kila mara akatoka na askari mgongoni, na wote watatu wako hai mpaka leo, mmoja ni kinyozi mtaa wa pili. Ila ndani alibaki dereva wake, na mume wangu kabla ya kurudi mara ya nne aliegemea ukuta avute pumzi, na papo hapo lori likalipuka. Miaka ishirini na mbili sasa nishani ameificha kabatini ndani ya soksi, na ukiitaja anasema, "Mimi nilipumzika," kisha anatoka kwenda kuosha gari ambalo ni safi.

Dereva aliacha mke na kichanga cha kike, na mtoto huyo amekulia mikononi mwetu, mume wangu ndiye aliyemfundisha baiskeli, na anamwita Baba Kapteni. Jumamosi anaolewa. Juzi mama yake akanitumia ujumbe: "Mwenzangu, mwambie shemeji ndiye atakayemshika binti mkono kumwingiza ukumbini. Ila aje bila sare na bila ile nishani." Nikamsomea mume wangu, naye akasema, "Kumbe wanajua. Wamenivua cheo kistaarabu." Mimi kwa hasira nikajibu kwamba Kapteni mgongo umemshika, hawezi kusimama. Sasa binti anapiga simu kila asubuhi kuuliza hali, na leo kaniambia kama Baba Kapteni haji ataingia peke yake, na mume wangu anasikia yote kutoka kitandani alikojilaza. Nifanye nini?

Mke wa Kapteni

Mke wa Kapteni,

Pole sana, na sasa kaa vizuri nikuseme. Mgongo mzima kabisa umeutia ugonjwa wewe kwa kidole cha simu! Ujumbe mfupi mmeusoma watu wazima wawili, wote mkaununia, na hakuna aliyepata akili ya kumuuliza aliyeutuma.

Hebu niambie, mgeni rasmi huambiwa aje vipi? Huambiwa avae kila alichonacho, akae mbele, apigwe picha. Baba wa bibi harusi huja na shati lililopigwa pasi na viatu vinavyombana. Mimi naona huyo mama anamtaka mtu wa nyumbani. Nikikosea basi nimekosea, ndiyo maana utamuuliza mwenyewe.

Na Kapteni naye nina neno lake. Afande, aliyeingia motoni mara tatu ana mapafu kama sisi wengine, na mapafu yanataka hewa. Muulize kinyozi wako kama alibebwa na mtu mvivu. Sikwambii umsahau dereva, mlilie mpaka uzeeni, ni haki yako. Lakini kulala kitandani kwa ugonjwa wa kusingiziwa wakati binti yake anakuita, hilo ni kosa jipya, na hili unaweza kulizuia.

Mama, leo ukishaliweka gazeti chini, nenda kwa mama wa bibi harusi kwa miguu yako. Mwambie ulidanganya, omba radhi, usijipambe. Kesho rudi na mumeo, naye aeleze kwa kinywa chake habari ya ile pumzi. Huenda mjane huyo anaijua siku nyingi, wale watatu wana midomo. Huenda haijui, basi mtalia wote, na macho yatapata muda wa kukauka kabla ya picha za Jumamosi.

Baba mmoja binti huyu alimkosa kabla hajajua kutembea, na hakuna aliyewahi kumfikia kule motoni. Huyu wa pili yuko hai, amelala chumbani kwako. Kamtoe.