Chumba Chenye Kibaraza

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kaka Evarist kaja baada ya misa, na mke wake Lucia na watoto wao watatu. Wamekula kuku wa Mama, wakasema chumvi haijakolea. Haya. Kilichowaleta si Mama wala kuku. Ni meli.

Felician, kitinda mimba wetu, yuko jikoni kwenye meli ya kitalii. Miaka inakwenda, hajakanyaga hapa nyumbani Dongobesh. Sasa kampuni yao imempa ofa ya familia: vyumba viwili, vitanda vya watu wanane, Desemba, kutoka Mombasa kwenda Zanzibar na Shelisheli na kurudi. Bure kabisa. Kaiomba kwa sababu moja — Baba na Mama wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Kanitumia picha na ramani ya meli ili nijaze nani analala wapi. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, na simu yangu ndiyo pekee isiyoganda hapa nyumbani.

Chumba kimoja kiko ghorofa ya nane. Kitanda kikubwa, mlango wa kioo, na kibaraza cha viti viwili, mnakaa mnatazama bahari. Cha pili kiko ghorofa ya nne, tumboni mwa meli. Vitanda vya deka kama bweni, watu sita, choo kimoja, dirisha hakuna. Ukutani wamebandika PICHA ya dirisha! Na pazia wameliweka.

Sasa hapo kuna cha kufikiria? Wazee juu, sisi wengine chini. Basi. Mama mwenyewe kaniuliza jambo moja tu, tena kwa aibu, kama ule mlango wa kioo unafunguka. Yeye ni mtu wa Balangdalalu. Maji makubwa aliyoyaona maishani ni ziwa Balangida, na lile kuna mwaka linabaki chumvi tupu. Anataka siku moja aamke ayaone maji kabla hajaongea na mtu yeyote.

Evarist kasema tusiharakishe. Nikajua.

Jumanne, 9 Septemba

Evarist kapiga simu niko ofisi ya walimu, madaftari yamenijaa mezani. Kafanya utafiti, eti. Kibaraza ni hatari kwa wazee. Baba anaweza kuteleza. Mama atashikwa na kizunguzungu. Tena chini ndiko karibu na daktari wa meli. Kwa hiyo yeye na Lucia "watajitolea" kulala juu.

Watajitolea! Chai imenishinda, nimeimwaga dirishani. Mtu ambaye tangu Mama apasuliwe hajampeleka kliniki hata siku moja, leo anajua habari za daktari.

Nikamwambia Felician kasema wazee. Kasema Felician ni mtoto, mkubwa ni yeye. Na wanawe watabaki chini na mimi na wazee, nitawaangalia wote. Yaani mimi ni mwalimu wa zamu mpaka baharini. Kwa vile sina mume, basi kila mzigo wa familia una mgongo wa kuwekewa.

Jumatano, 10 Septemba

Wamekuja jioni. Shikamoo Baba, shikamoo Mama, heshima tele. Baba alikuwa nje anafunga vitunguu saumu mafungu. Evarist kachuchumaa pembeni yake, kaeleza yote kwa sauti ya mtoto mwema: kuteleza, kizunguzungu, daktari. Baba anaitikia tu. Sawa. Sawa. Nikaona tumekwisha.

Halafu kauliza swali. Hiyo ghorofa ya nane iko juu ya hiyo ya nne?

Evarist kacheka, kasema ndiyo Baba, ghorofa zinapandana.

Baba kaacha vitunguu. "Mkwe wangu alale juu ya kichwa changu? Avue nguo, aoge, na mimi niko chini yake?"

Lucia kajifunika mdomo kwa khanga, mbio jikoni. Mimi nimeuma ulimi nisicheke. Ila ndivyo ilivyo kwetu. Baba hajawahi kukaa kwenye kitanda cha Lucia, hajawahi hata kuvuka mlango wa chumba chake. Lucia akienda kuoga, Baba anakumbuka ghafla kwamba kuna ng'ombe wa kuangalia. Nyumba zetu hazina juu, kwa hiyo habari ya juu hakuna aliyewahi kuitungia sheria. Baba kaitunga leo.

Evarist kaeleza kuna chuma katikati, kuna zulia, kuna ghorofa tatu nzima. Baba kasema juu ni juu.

Nalala na furaha. Mila yetu imempa Mama mlango wa kioo! Nimemwambia, kacheka huku kafunika meno kwa mkono, kama msichana.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Evarist kaenda Mbulu mjini, kachapisha ramani ya meli, kurasa kubwa, kaziunganisha kwa gundi, kaja nazo jioni na Lucia na watoto. Kachora kwa kalamu nyekundu. Kumbe nyuma yangu kashaongea na Felician, kamwambia wazee wameogopa kibaraza, na vyumba visipandane! Felician kawabadilishia. Sasa chumba cha kibaraza kiko puani mwa meli na kile cha vitanda vya deka kiko mkiani. Kwa hiyo Lucia hatakuwa juu ya Baba. Atakuwa juu ya stoo ya viazi.

Baba kavaa miwani. Kafuata mstari mwekundu kwa kidole, taratibu, kutoka pua hadi mkia. Karidhika.

Karidhika! Neno moja kuhusu Mama hakusema. Nilidhani mila inamtetea Mama, kumbe ilikuwa inatetea kichwa chake tu. Miaka hamsini ya ndoa. Nimemwangalia baba yangu mzazi nikaona kinyaa, Mungu anisamehe, au asinisamehe, leo sijali.

Na bado. Lucia kanifuata jikoni, kanisogelea sikioni. Watoto hawataki kulala chumba kimoja na Bibi. Hakuna dirisha kule, na Bibi... si unajua.

Najua. Tangu upasuaji ule Mama hawezi kuzuia mkojo. Najua kwa sababu nafua mimi. Najua anavyoamka kabla yetu akaoge na baridi hii, ili asimkere mtu. Na Lucia huyu huyu, uzazi wake wote wa mara tatu alilala kwetu, Mama akafua nguo zake za damu kwa mikono yake, hakukunja pua hata kidogo. Leo pua imekuwa pua!

Mara Mama kaingia na ungo wa maharage. Alikuwa nyuma ya mlango muda wote, anachambua. Hakututazama. Kapita mpaka sebuleni, kasema polepole, "Mimi siendi. Nani atakamua?"

Nikasubiri. Nilisubiri mmoja wao aseme jamani Mama, hapana, hii safari ni yako. Evarist kakohoa. Baba kakunja miwani. Mtoto mmoja kaendelea na gemu kwenye simu, tiii, tiii, tiii.

Basi. Wakala ugali wakaondoka.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimembembeleza Mama asubuhi nzima. Nimemwambia namweka juu na mimi, na atakayenuna anune. Kasema mambo ya meli ni ya vijana. Nikamwambia nitamnunulia pedi za watu wazima, siku hizi zipo, hakuna atakayejua. Hapo kaniuliza bei, nikapata tumaini. Halafu kasema nisiwagombanishe watoto wake.

Mchana Evarist kapiga simu. Nafasi isipotee bure. Kitanda cha Mama atapewa mama yake Lucia, Mama Efrazia wa kule kijiji cha Daudi. Tayari wameshamwambia, kafurahi sana, anatafuta miwani ya jua.

Kufa kufaana, wahenga walisema. Ila Mama hajafa! Yuko zizini anakamua!

Nikakata simu nisije nikatukana. Lakini mambo hayakuishia hapo. Baba kusikia atalala chumba kimoja na mama wa mkwe wake, kasimama. Hawezi kuvua shati mbele ya yule mama. Hawezi kuingia choo alichotoka yule mama. Na yeye haendi. Kasema hivyo kachukua fimbo katoka, na nadhani alitegemea wamfuate wambembeleze. Hakuna aliyemfuata. Evarist, nilipomwambia, kavuta pumzi kama padri kwenye mazishi, kasema tuheshimu uamuzi wa mzee. Halafu katika pumzi hiyo hiyo, kitanda cha Baba kampa Mectilda, mdogo wake Lucia.

Kwa hiyo tusherehekee hivi: jubilei ya wazee, wazee hawapo. Puani mwa meli Evarist na Lucia. Mkiani ukoo wa Lucia. Na mimi, wa kufagia.

Baba karudi jioni, kakaa jikoni karibu na Mama, mahali asipokaaga. Mama kamwekea maziwa ya mgando, kayashika tu kikombeni. Nadhani ndiyo kwanza kaelewa. Kachelewa.

Jumapili, 14 Septemba

Leo ndiyo mwisho wa kujaza majina. Evarist amekaa sebuleni na pasi za kusafiria za akina Lucia kwenye bahasha. Nimemdanganya mtandao unasumbua, nikaingia chumbani kwangu. Naandika hapa nisije nikavunja kitu.

Nimeshajaza fomu moja kwa hasira: chumba cha kibaraza, Yonas Margwe na Marieta Margwe. Baba na Mama. Bado sijatuma. Ninachotakiwa ni kubonyeza tu. Evarist atapiga kelele, na apige.

Mama kaingia. Kajua, sijui kajuaje. Kasema nikituma jina lake kwa nguvu hatapanda, kitanda kitakwenda kitupu, na Evarist hataleta tena watoto hapa nyumbani. "Mimi bahari sijaizoea, siwezi kuikosa. Wale wajukuu nitawakosa."

Nikamwambia akae basi, apumzike, amechoka.

Katoa mfuko wa nailoni kwenye khanga. Kautandika. Juu ya kitanda CHANGU, mimi mwanawe, ninayefua shuka zake! Kaulainisha kwa kiganja, ndipo akakaa. Nikamwambia Mama toa hicho kitu, tafadhali. Kasema niache, ndivyo anavyokaa sasa kila mahali. Hata kanisani.

Hawa watu nitawafanya nini. Nawachukia. Leo nawachukia wote, na mimi mwenyewe niliyekaa na simu mkononi kama sanamu.

Evarist kaita kutoka sebuleni, vipi, mtandao umerudi?

Ujumbe umeingia. Felician.

"Dada Geno, nipe namba ya chumba cha Mama, ile ya mwisho. Bosi kanikubalia zamu ya asubuhi kwenye ghorofa yao. Chai yake nataka nimpelekee mwenyewe, nigonge mlango, afungue anikute."

Nimesoma mara mbili. Mama herufi ndogo hazioni. Kaona uso wangu tu. Kasogea, nailoni imelia chini yake, kanigusa goti, na anauliza Felician anasemaje.