Shule Inayotazama Barabara

Mama Tumaini, mke wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Mufindi kwenye ukungu na upepo. Mimi ni mzima, ila hawa wazee wa shule wamenichosha! Jana nilipima msingi wa darasa jipya, nikapanga madirisha yatazame mlimani ili watoto wasikilize somo. Asubuhi hii nakuta vigingi vyangu vimeng'olewa na kupigwa upya, madirisha yote yanatazama barabara kuu ya Mbeya.

"Sasa mwalimu," akasema mkubwa wao, "Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, akipita na gari lake, atajuaje kuwa na sisi tuna shule?"

Nikafoka. Mtoto atajifunzaje hesabu huku macho yake yakiwa kwenye malori? Kabla sijamaliza, lori la kutoka Iringa likatokea kwenye kona. Nikaligeukia, nikalifuata kwa macho mpaka likapita.

Wazee wakaangua kicheko. "Kumbe hata wewe, mwalimu!"

Sikuwaambia kuwa lori la kutoka huko nyumbani ndilo huleta barua. Mpakate Tumaini kwa ajili yangu, Mungu awatunze. Na wewe niandikie, mama, nipate kuipa mgongo barabara hii.

Wako,
Baba Tumaini