Dawa Haiko Mushahara

Baba Furaha, mume wangu mwenye kichwa kigumu,

Watu waliokuja kwenye matanga yako walisema Mungu amekuita. Pale mkekani niliwaza, wasimsingizie Mungu. Wewe umekufa kwa ujuaji wako.

Unakumbuka siku ulipopewa vidonge vya presha? Ulivaa tai, utadhani unakwenda kumpokea inspekta wa shule. Muuguzi, yule binti mpole, alikueleza polepole, nami nikisikia. "Papa, haka kanalegeza mishipa, damu ipite muzuri. Haka kanatoa mayi na chumvi mu mukojo. Na haka kanapunguza mbio ya moyo, usikaache mara moja." Ukaitikia kwa kichwa kama mtu anayesahihisha mtihani. Hata barabarani hatujafika, ukaniambia, "Ule mutoto, ni miye nilimufundisha kusoma. Leo eti anifundishe kumeza?"

Ukaanza mambo yako. Ukiwa na safari ya shambani Marabo, dawa ya mkojo huimezi, kwa sababu mwalimu mzima hawezi kumwomba dereva asimamishe gari akajisaidie porini. Na zile mbili nyingine ukaziacha nyumbani, eti zisubiriane. Ukirudi hapa Bigo, unameza zote ulizoruka kwa mkupuo, unashushia na chai. Nilipokuuliza ulicheka sana. "Serikali inanilipaka arriérés, mushahara ya miezi yote mara moja. Na miye nalipa mwili yangu vile vile."

Mara ya kwanza ulianguka ulipoinuka kwenye benchi la hospitali, tai shingoni. Binti yule alikulaza, akakuinua miguu, akakuambia mbele ya wagonjwa wote: "Mwalimu, dawa haiko mushahara. Kama ya jana ilipita, iache ipite. Kunywa ya leo tu." Mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Wewe uliona haya kwa ajili ya suruali iliyopata vumbi, si kwa ajili ya upumbavu wako.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lako lilizibwa na chaki.

Uliporudi kutoka Marabo mara ya mwisho kichwa kilikuuma, ukaenda moja kwa moja kwenye kopo la dawa, mimi nikiwa jikoni. Ulimeza za wiki nzima. Ukaja ukanisifu kwamba maharage yananukia vizuri, ukakaa kidogo, ukainuka kwenda kuoga. Hukufika mlangoni. Daktari alisema ile dawa ya kutuliza moyo, kwa wingi ule, iliutuliza hadi ukasimama. Nilitaka kukupiga kofi. Nikakupangusa uso.

Sasa presha imenikuta mimi. Binti yule yule amenipa kidonge kimoja cha kila jioni. Nakimeza mbele ya picha yako, ile ya tai, na kwa kweli tabasamu lako linaniudhi. Furaha ananiuliza kwa nini nagombana na picha. Namwambia baba yako yuko darasani.

Jana ilikuwa siku tuliyofunga ndoa. Nililia mpaka usingizi ukanichukua, kidonge nikakisahau. Leo jioni nimefungua kopo, nimekutazama, nimemeza kimoja tu.

Umeona, mwalimu? Haikuwa vigumu.

Kaa huko na tai yako.

Mkeo uliyemwacha bila sababu,
Mama Furaha