Ubeti wa Tatu

Shoga, uko hapo? Nimejificha stoo ya ngoma, nacheka peke yangu.

Leo si mkaguzi wa chuo changu cha ualimu amekuja kuniona nikifundisha, anipe alama? Somo lenyewe: kwaya isome nota za wimbo ambao haijawahi kuuona. Na wimbo nimeutoa wapi? Kwenye kabati la kwaya. KABATI LAO. Usiseme kitu.

Nikawagawia karatasi, ubeti mmoja tu. Nikawapa sauti ya kuanzia, nikahesabu hadi nne.

Wakaimba sauti zote nne bila kuteleza popote! Kichwa kikanivimba. Mkaguzi anaandika, mimi najiona profesa.

Ubeti ukaisha. Nikashusha mikono.

Hawakunyamaza.

Wakaingia ubeti wa pili. Wakaingia wa TATU, tena wengine wamefumba macho!

Mkaguzi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, huo wa tatu wameusoma wapi?"

Wameusoma wapi! Shoga, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamwambia ukweli: wimbo nimeutoa kabatini mwao. Akafunga daftari. "Nitarudi kesho. Njoo na wimbo mpya."

Alipoondoka nikambana kiranja wa kwaya, yule binti wa soprano niliyekwambia hana woga. Mbona hamkuniambia mnaujua?

"Tulitaka upate alama nzuri, Mwalimu."

Nusura nilie. Nikawaruhusu waende, nikaja kujificha huku.

Sasa hivi kiranja amegonga mlango, akaingiza kichwa, akaninong'oneza:

"Mwalimu, kesho akija, tukosee wapi?"