Nasimiyu Asiuzwe

Kwa Baba, huko ulikolazwa Mabanga,

Shule zimefungwa, na mvua ya Kitale inapiga mabati tangu asubuhi. Sitakuuliza hali. Hali yako naijua, nilikuwepo tukikufukia. Barua hii naiacha wazi ili hata wale wanaokuja langoni kuniomba niwauzie gari lako waisome, wajue kwa nini nawarudisha mikono mitupu.

Wao wananijua kama mwalimu wa Kiswahili anayependa magari ya zamani. Ni kweli. Nina pikapu iliyotengenezwa kabla sijazaliwa, na naifahamu kuliko ninavyowafahamu majirani. Gari la rika hilo likipita barabarani nageuza shingo hata nikiwa na wageni. Ugonjwa huu niliutoa kwako. Sikukushukuru ukiwa hai, na sasa pia sina haraka.

Gari lako lilifika nyumbani kabla yangu. Ulikuwa ukifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Webuye, ukalinunua kwa mkubwa wako alipokuwa akirudi kwao: saloon nyeupe ya Kifaransa, viti vya ngozi, dashibodi bila mkwaruzo. Ukalipa jina la nyanya yako, Nasimiyu. Kisha nikazaliwa mimi, nikalia bila kukoma, na kina mama wakongwe wakakaa kunitajia majina ya waliokufa, mmoja mmoja, kama ilivyo desturi yetu, waone ni nani aliyenijia. Walipomtaja Nasimiyu nikanyamaza. Mama anasema ulikunja uso, ukawaambia, "Hiyo jina iko na mwenyewe." Wakacheka, wakaniita hivyo hivyo.

Basi tukawa Nasimiyu wawili kwenye boma moja. Mmoja wetu alikuwa na banda lake la mabati na turubai la kujifunika. Mimi nililala sebuleni pamoja na kaka yangu Wekesa.

Sitasema hukunipa kitu. Kila Jumamosi ulinisimamisha mbele ya boneti iliyofunguliwa, ukaniambia nifumbe macho nisikilize. Ulinifundisha mlio wa tapeti zilizolegea, wa plagi iliyochoka, wa kabureta inayokunywa petroli kupita kiasi. Nilipojibu sawasawa ulinishika utosini na kunitikisa kidogo, mkono wako ukinuka grisi. Jumamosi hizo nilikupenda hadi nikawa naogopa ziishe. Nilifikiri unanifurahia mimi. Kumbe ulikuwa umepata sikio la kukusaidia kulitunza gari, basi.

Huku kwetu watu hawasumbuliwi na ngeli. Kila mtu anaongea anavyojaliwa na anaeleweka. Lakini kwangu ngeli ndiyo kazi inayonilisha, na nikikumbuka maneno yako naona hukukosea hata siku moja. Gari lilikuwa "yeye". Ameamka vibaya leo. Mpe maji. Msimsumbue, amechoka. Mimi nilikuwa "hii". Hii imekula? Hii ya kulialia itoke hapa. Gari lilikuwa mtu, mimi nilikuwa kitu, na ulizungumza hivyo mbele ya wageni bila kusitasita.

Nilikuwa darasa la sita nilipopatwa na homa ile. Shingo ilikakamaa, nikaacha kujibu nikiitwa. Mama alimwomba jirani aliyekuwa akienda Webuye akufikie kiwandani akwambie Nasimiyu amezima ghafla, ameshindwa kuamka, uje haraka. Jirani alikufikishia neno kwa neno. Nawe ukamtuma fundi Barasa na betri.

Barasa alifika na pikipiki yake, betri imefungwa nyuma kwa mpira. Alilikuta gari likiwa zima chini ya turubai lake, na mimi kwenye mkeka. Funguo zilikuwa mfukoni mwako, Webuye. Alifungua betri akaiweka chini, akatupakia mimi na mama, akatupeleka Bungoma hospitalini, mama akinishikilia katikati nisianguke. Madaktari waliniokoa. Sikio la kushoto halikurudi.

Kosa lile nilikusamehe zamani, kwa sababu hata mimi ningeweza kulifanya. Ninayokushikia ni yaliyofuata. Siku ile uliifanya hadithi ya harusini. Kila penye meza na watu wa kusikiliza uliisimulia, ukiiga hofu yako mwenyewe, ulivyomkimbilia fundi, ulivyoshindwa kula mchana ule. Kisha ukafika kwenye utamu wake: "Mimi nikafikiria ni Nasimiyu. Kumbe ni hii tu." Watu walishika mbavu. Mama aliangalia sahani yake. Mimi nilijifunza kukaa kulia kwako mezani, sikio la kushoto likikuelekea, ili nikose kukusikia vizuri, lakini ulikuwa na sauti kubwa.

Mwaka jana ulipokuwa unaondoka, Baba mdogo Wafula ndiye aliyekuwa kando ya kitanda. Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, alisimama mbele ya ukoo akatuletea maneno yako ya mwisho: "Nasimiyu asiuzwe. Mwekeni kwa kivuli, na mumfunike." Kisha akayafafanua, maskini. Akasema ulikufa ukiniwaza mimi, mwanamke asiye na mume, na kwamba ulikataza watu wasiniharakishe kwa tamaa ya ng'ombe wa mahari. Kwamba kivuli ni ndugu zangu. Kina shangazi wakaangua kilio. Wekesa akanishika mkono, na yeye alikuwa akilia kweli.

Nikawaacha walie. Hukuwahi kuniita mtu ukiwa na nguvu zako, hungeanza ukiwa unakata roho. Lakini ukoo uliguswa sana na mapenzi yako kwangu, Baba, hata ukakubaliana kwa sauti moja kwamba mtoto aliyependwa hivyo ndiye arithi gari.

Nililitoa Mabanga mwenyewe. Liliitika mara ya kwanza. Tulipita Kimilili likipanda taratibu, halitetemeki, halilalamiki, na pale mlima ulipojitokeza nikajikuta nacheka peke yangu kwa raha. Nilijichukia kwa kicheko kile. Nilipofika nyumbani nililiacha uani, nikashusha vioo vyote, nikaingiza pikapu yangu bandani.

Sijaliuza, na sitaliuza. Wosia wako nimeutii kama ukoo ulivyousikia. Nasimiyu hajauzwa. Yuko kivulini, amejifunika blanketi, anakuandikia.

Wapenzi wa magari hapa mjini hawanielewi. Mzee mmoja mstaafu alikuja mvua za kwanza zilipoanza, akaweka kiganja kwenye boneti, kisha akaniuliza ni mtu gani anaweza kufanya jambo kama hili. Nikamwambia ni mtu anayelijua gari hili vizuri. Viti vya mbele vimeota ukungu. Kuku wa jirani wanataga kwenye kile ulichokataza mama asikalie na nguo ya shamba. Kutu imeanza chini ya milango, mahali ulipokuwa ukipaka mafuta kwa kidole.

Mama alikuja kunitembelea Pasaka. Alichukua taulo akaanza kupangusa usukani. Nilimwomba aache, akaendelea, nikamnyang'anya taulo. Akanitazama kama alivyokuwa akikutazama wewe.

"Si ufunike tu," akasema. "Huyo mzee alishakufa. Haoni kitu."

Nikamwambia ndiyo maana nitakuandikia.

Kwa hiyo nakuarifu. Kila Jumapili nikitoka kanisani nalifungua boneti, naliwasha, nafumba macho kama ulivyonifundisha, na kuligeuzia sikio langu la kulia. Jumapili iliyopita palikuwa na mlio mpya, mwembamba, upande wa pampu ya maji. Ni beringi. Haihitaji hata fundi, ni kazi ya asubuhi moja, na spea ninayo ndani, kwenye kabati. Nilisikiliza hadi nikawa na hakika. Kisha nikalizima, nikaingia ndani kunywa chai.

Pumzika, kama unaweza.

Ni mimi bintiyo,
Nasimiyu