Vidonge vya Nani

Jumatatu, 4 Machi

Nimefua mashuka ya hoteli mchana kutwa, halafu nimerudi nyumbani kufua ya kwangu. Ndiyo maisha ya dobi.

Kwenye suruali ya kazi ya Fundi, mume wangu, ile iliyoganda saruji magotini, nimekuta kipakiti. Nilidhani ni dawa ya kichwa. Nikakigeuza. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba! Kipakiti kitupu — vimeshamezwa.

Nimekaa juu ya ndoo nikasoma tena, neno kwa neno, kama mtoto anayejifunza kusoma. Mimi nina kijiti cha uzazi wa mpango. Kiko hapa mkononi, nikipapasa nakisikia chini ya ngozi. Nilikiweka mtoto akiwa bado mchanga, na Fundi mwenyewe ndiye aliyenisindikiza. Alinipakatia mtoto, akamwuliza nesi maswali mpaka nesi akacheka, akasema laiti wanaume wote wangekuwa hivi. Nilitembea nikiringa siku ile.

Kwetu hakuna dharura. Sasa nani alikuwa na dharura?

Sijamwambia kitu. Amekula, amesifu mboga, amelala. Anakoroma kama mtu asiye na kosa duniani.

Jumanne, 5 Machi

Kazini nimemweleza Mama Pasi, yule anayepiga pasi mapazia. Nikasema ni kisa cha rafiki yangu.

Amecheka kwanza. Akasema nimwambie huyo rafiki kwamba mwanamume hamezi vidonge hivyo, kuna mtu amemmezea. Halafu akapitisha pasi mara mbili mahali pale pale. "Mpe pole rafiki yako," akasema. Hakunitazama.

Nimeunguza mkono kwenye mashine ya kukaushia. Kidogo tu. Hata sikupiga kelele.

Jumatano, 6 Machi

Tulikuwa mezani sote — mimi, Fundi, mtoto, na Mdogo wangu anayekaa kwetu tangu aanze kujifunza ususi. Nikaleta habari ya binti wa jirani. Nimemwona leo kwa macho yangu kwenye foleni ya uzazi wa mpango, amejaa tele, hata hajifichi. Nikasema msichana hajaolewa, kule anatafuta nini? Si amejitangaza tu.

Fundi akaweka kijiko chini. "Mwache mtoto wa watu. Afadhali yeye anajua anachofanya."

Anavyomtetea! Nikamtazama, akaendelea kula. Binti wa jirani? Yule mwenye miguu kama fito? Lakini kama anakwenda kliniki, vidonge vya dharura vya nini tena? Au ameanza kliniki baada ya kupata hofu? Kichwa kinazunguka. Nimekuwa mpelelezi nisiyelipwa.

Mdogo ameosha vyombo bila kuambiwa. Chakula chake karibu chote kimebaki.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia Mdogo. Nilimkuta anakunja nguo za mtoto, nikakaa kitandani nikalia kama niliyefiwa. Nikamwambia shemeji yako ana mwanamke. Nikamwonyesha kipakiti.

Amebadilika rangi. Kweli ananipenda mdogo wangu, maumivu yangu yamemwingia mwilini — ameshika tumbo kabisa.

"Labda si hivyo, dada."

"Labda nini?"

"Labda kuna maelezo. Shemeji si mtu wa hivyo."

Sote tunasema hivyo mpaka siku tunapokuta vipakiti. Akatoka kwenda chooni, akakaa huko sana. Aliporudi nikamwuliza ana nini, akasema siku zake zimevurugika, damu inakuja inakwenda, na upande mmoja wa tumbo unamchoma. Nikampa dawa ya maumivu. Nikamwambia alale na chupa ya maji ya moto. Kisha nikarudi kulia kwangu.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimekiweka mezani, kando ya chai yake.

"Hiki nini?"

Amekitazama weee. Akasema, "Si changu."

"Najua si chako! Una mfuko wa uzazi wewe?"

Hakucheka. Fundi, ambaye hucheka hata matangani!

"Ni cha nani?"

"Siwezi kusema. Nilimpa mtu neno langu."

Neno lake! Mimi nilipewa neno mbele ya ukoo mzima, na pete juu. Nikamwambia hivyo, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akasema hana mwanamke, anaapa kwa mtoto. Nikamwambia asimtaje mtoto. Mdogo alikuwa amesimama mlango wa jikoni, sufuria mkononi. Fundi akamtazama, muda mrefu, kama mtu anayengoja kitu. Mdogo akainamisha kichwa. Nikafikiri Fundi anaona haya mbele ya shemeji yake. Vizuri, nikasema moyoni, aone haya!

Nikamtupia begi lake na mwiko wake wa kazi. "Kalale kwa huyo uliyempa neno."

Akauokota mwiko. Akaufuta. Akatoka.

Nilitegemea nitajisikia nafuu.

Jumapili, 10 Machi

Hajarudi. Mama Pasi amesikia kwamba analala kwenye jengo wanaloweka vigae, juu ya maboksi. Mtoto ameniuliza baba yuko wapi. Nimesema kazini. Jumapili?

Mdogo kalala siku nzima. Anasema ni uchovu. Mara mbili ameniita, "Dada," nikaitika, akasema basi.

Jumanne, 12 Machi

Naandika hospitalini, kwenye benchi. Naandika haraka, sijui kama nitaweza kusoma haya baadaye.

Asubuhi nilipigiwa simu na mwalimu wake wa saluni. Mdogo ameanguka. Alikuwa anamwosha mteja nywele, akasema bega linamuuma, akaanguka kando ya beseni. Povu bado kwenye kichwa cha mteja. Nimekuja na mabuti ya kufulia, aproni mwilini.

Dokta ni dada mdogo kuliko mimi. Alizungumza haraka. Mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, kwenye mrija, na mrija umepasuka. Damu inavujia tumboni. Wanampasua sasa hivi.

"Mimba gani? Huyu hajaolewa."

Dokta alinisogezea fomu. Akanipa kalamu nitie sahihi.

Nikamkimbilia Mdogo kwenye kitanda cha magurudumu. Midomo haina rangi. Mkono baridi kama samaki. Akanivuta.

"Dada. Vile vidonge vilikuwa vyangu."

"Nyamaza. Usijichoshe."

"Shemeji alininunulia tu, na kipakiti nikampa akakitupe nje, usikione. Duka la dawa wananijua... niliona aibu. Nilimwapisha asikwambie."

"Kwa nini mimi usiniambie? Mimi ningekupeleka kliniki!"

Akafumba macho. Nikafikiri amezimia. Kumbe anatafuta pumzi. "Ungesema nimejitangaza."

Wakamsukuma ndani. Mlango ukapiga, ukarudi, ukapiga, ukatulia.

Nimebaki nimesimama pale na mabuti yangu. Alikuwa anakuja na maumivu yake, mimi nampa ya kwangu ayabebe. Siku zote hizi! Amenisikia nikimfukuza mume wangu kwa ajili yake, akashika sufuria.

Nesi mmoja, mama mtu mzima, alinikalisha. Nikamwuliza kama ni vidonge vimemfanya hivi. Nilitaka iwe ni vidonge.

Akasema hapana, si vidonge vilivyoipeleka mimba nje. Vidonge vile vina kazi yake: mpira umepasuka, mtu amelazimishwa, njia yake ya kawaida imemponyoka — anawahi, anameza, vinamwokoa mara nyingi. Mara nyingi, si kila mara. Lakini huyu, kwa alivyowaambia alipoingia, alikuwa anavimeza karibu kila wiki, ndiyo njia yake ya uzazi wa mpango. Na kwa mtindo huo vinashindwa mara nyingi zaidi kuliko sindano, kuliko kijiti, kuliko hata vile vya kila siku. Tena vinavuruga damu ya mwezi. Kwa hiyo ilipokuja damu ya hatari, yeye akaona ni ile ile aliyoizoea.

"Na wewe unatumia nini?" akauliza.

"Kijiti."

"Na mdogo wako mnaishi naye nyumba moja?"

Nikakaza kamba za aproni. Nesi akainuka, akaenda kwa wagonjwa wake. Hakuniuliza kwa ubaya, na hilo ndilo limenichoma.

Nikampigia Fundi. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea yote. Nikasema, "Mdogo anapasuliwa." Akasema, "Nakuja," nikasikia kigae kinaanguka.

Amekuja na vumbi mpaka kwenye kope. Walihitaji damu, akapandisha mkono wa shati kabla hawajamaliza kusema. Akarudi na pamba mkononi, akakaa kwenye benchi, mkoba wangu katikati yetu. Nilitaka kusema samahani. Nikampa maji, akanywa.

"Ulijua ana mimba?"

"Ningejua ningenyamaza?" Akafuta uso. "Mara ya kwanza nilinunua, nikajua ni bahati mbaya, imepita. Mara ya pili nikamwambia nenda kliniki. Akasema atakwenda. Mara ya tatu tukagombana, nikanunua hivyo hivyo. Ningefanyaje? Nimwache apate mim—"

Akakatiza.

Jumatano, 13 Machi

Ametoka chumba cha upasuaji. Mrija mmoja umeondolewa. Alipoteza damu nyingi sana, dokta anasema, walichelewa kumleta. Walichelewa — yaani mimi. Hajazinduka sawasawa. Anapepesa macho, anazama tena. Leo ameanza homa. Nikauliza kama atapona, dokta akasema tungoje. Nikauliza kama atazaa, akasema tuanze na hilo la kwanza.

Nimepata namba ya mwanamume wake kwenye simu ya Mdogo. Ni yule kijana muuza simu, wa duka la kona, mwenye shati la kubana. Mara ngapi ameniuzia vocha, "Shikamoo dada," adabu tele!

Nikampigia, nikamwambia yote. Akasema:

"Lakini alisema anameza."

"Alikuwa anameza. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Dada, mimi mipira hainipendi. Na sindano alisema ataonwa na watu. Tukaona hii ni rahisi."

Rahisi! Nikamwambia aje aone ilivyo rahisi. Akasema atakuja akifunga duka. Hilo lilikuwa asubuhi. Maduka yamefungwa, mtu sijamwona. Simu yake sasa haipatikani. Duka zima la simu, na yake haipatikani.

Fundi hajaenda kazini. Amemlisha mtoto, amempeleka kwa Mama Pasi, amerudi na chai. Ameniwekea sukari ninavyopenda. Bado hatujazungumza ya Jumamosi. Nimesema, "Nilikukosea," kwa sauti ya chini, na wakati huo huo wakapita na toroli la chakula. Sijui kama alisikia. Sikurudia. Naogopa kurudia.

Nimeingia kumwona tena. Nimemfuta uso na kitambaa cha maji. Nywele zake alizisuka mwenyewe, mistari imenyooka, imenyooka sana. Nikamwambia sikioni kwamba akitoka hapa tunakwenda kliniki wote wawili, mchana kweupe, binti wa jirani atuone. Macho hayakufunguka. Shingo inawaka moto. Nikamwita nesi. Amesoma kipimajoto, akaenda kumwita dokta. Hakukimbia, lakini hakutembea pia. Wamenitoa nje.

Mama amepiga. Yuko ndani ya basi, anakuja.

"Mdogo wako anaumwa nini hasa?"

"Tumbo, mama."

"Tumbo gani hilo linalopasuliwa?"

Fundi aligeuka kunitazama. Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii. Nikakata.

Halafu nikamwambia Fundi, "Akifika, usimwambie."

Ameinamia vikombe vya chai mikononi. Mlango bado umefungwa. Simu inaita tena, ni mama —