Mchuzi wa Mama Kwenye Meza za Watu

Jumanne, 2 Septemba

Kundi letu la mapishi la kwenye simu, "Leo Tule Nini", limewaka moto tangu asubuhi. Jirani wa ghorofa ya juu ametuma picha ya sahani. Huyu tunamwita Madam Chumvi, maana hajawahi kula kitu kikawa na chumvi ya kutosha. Mchuzi wa kuku. Mzito, mweusi unakaribia kahawa. Ameandika: kamgahawa kapya nyuma ya gereji, wahini kabla ya saa saba, unaisha. Na chumvi iko sawa! Madam Chumvi huyuhuyu!

Nimeikodolea macho ile picha mpaka mteja akagonga kaunta. Alitaka misumari ya inchi tatu, nikampimia ya nne. Bosi kaniangalia vibaya.

Weusi ule naujua. Ni wa Mama.

Au macho yangu tu. Mchuzi ni mchuzi.

Alhamisi, 4 Septemba

Si macho yangu. Nimeenda.

Meza za plastiki, kalenda ya mwaka juzi ukutani, mafundi gereji wanakula bila kusemezana. Kijiko cha kwanza tu, nikaacha kutafuna. Cha pili, hasira. Huo si mchuzi unaofanana na wa Mama. NI wa Mama! Ile ladha ya kuungua kidogo, halafu utamu unakuja nyuma nyuma.

Nani kautoa?

Kwetu pishi halitolewi lote. Alianza bibi. Mtu akikuomba, unampa, tena kwa roho safi, ila unabakiza kitu kimoja. Hata mimi mwezi uliopita nilivyowapa kundi maharage yangu, nilibakiza. Madam Chumvi akalalamika yake yamekuwa kokoto. Nikamwambia ni moto wake. Anayepewa lote ni binti wa nyumba, na siku anaipanga mama mwenyewe. Binti wa nyumba ni mmoja tu, mimi. Na siku yangu haijafika. "Mkono wako bado una haraka," ndiyo kila siku. Nimejaribu kuotea. Nimeunguza vitunguu, nimekaanga unga, nikatia mpaka kahawa — hiyo tuiache. Sijafika hata nusu ya njia.

Nimemuuliza mhudumu, anayepika nani? Eti kuna dada mmoja anakuja asubuhi, anapika sufuria kubwa, anaondoka. Yukoje? Ana mwanya, kasema, na anacheka sana.

Mwanya. Kicheko. Wifi!

Mke wa kaka yangu. Mama anakaa kwao tangu mguu uanze kumsumbua. Niliwaambia aje kwangu, wakaniambia kwangu kuna ngazi nyingi. Ngazi! Sasa nimeelewa ngazi zilikuwa za nini.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepiga simu. Kapokea wifi, kama kawaida. Siku hizi Mama hapatikani bila yeye kutangulia. Nikamsikia ananong'ona pembeni, "Ni binti yako, Mama, binti yako." Kwani Mama haijui sauti yangu mpaka atangaziwe?

Mama yuko mchangamfu. Kauliza kama watoto wamekula. Watoto gani? Mimi sina watoto, kaka ndiye anao. Halafu kasema, "Siwezi kuongea sana, binti yangu anakata vitunguu hapa, nisipomwangalia ataviharibu."

Binti yangu! Tangu lini? Wifi kaolewa na kaka yangu, hakuzaliwa tumbo moja na mimi. Kumbe ndiyo njia aliyopitia — kajipendekeza, kajifanya mtoto, kachota.

Simu ikakatika. Au ikakatwa.

Jumapili, 7 Septemba

Nimembana kaka. Nimemuuliza mkewe anapika wapi. Kajikohoza. Eti anajishughulisha tu. Nikauliza Mama kampa lini ule mchuzi. Akaniuliza habari za duka. Halafu: "Dada, njoo umwone Mama. Umekaa sana hujaja." Nimeuliza hili, ananijibu lile! Nauza rangi na misumari, nimeshaona kila aina ya mtu anayeingiza bolti mfukoni huku anakuuliza habari za nyumbani. Kaka yangu leo alikuwa na sauti hiyohiyo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetega mtego.

Nimeandika kundini, wote wasome, wifi akiwemo: "Siri ya ule mchuzi wa nyuma ya gereji nimeipata. Ni kahawa." Nikakaa pembeni. Kama ni mwizi, nilijua atafanya kitu. Ama atanisahihisha, ama atashangilia nimepotea.

Madam Chumvi kaenda kujaribu papo hapo, masikini. Baadaye kaandika kwamba mumewe kauliza ni chakula au dawa.

Wifi kasoma. Hakuandika kitu kundini. Kaniandikia mimi peke yangu: "Wifi, njoo nyumbani. Usipige simu. Njoo."

Bila hata kile kicheko chake.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijaenda. Wananiitia nini? Labda wanataka nibariki. Niseme mbele ya Mama kwamba sawa, mpeni, mimi nimeridhika. Hawanipati!

Lakini nimelala vibaya. Namuwaza Mama kakaa kwenye kile kigoda chake, anamwelekeza mtu mwingine jikoni. Mtu mwingine, si mimi. Naona wivu, niseme ukweli. Wivu kama wa mtoto aliyenyang'anywa titi, na umri wangu huu!

Jumapili nitakwenda. Nitamuuliza mwenyewe, uso kwa uso: Mama, kwa nini yeye?

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa sebuleni kwa kaka. Nimewaambia namalizia hesabu za duka.

Nilikuja na maneno yangu nimeyapanga. Kafungua Mama mwenyewe. Kapendeza, kasukwa vizuri, kanenepa kidogo. Akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, mkwe wangu. Mbona hukuja na mwanangu?"

Nikacheka. Nikadhani utani. Halafu nikadhani wifi kamfundisha. Nikasema, "Mama, ni mimi." Akasema, "Nakujua, wewe si mke wa mwanangu? Kaa, pumzika." Nikataka kupitiliza jikoni kama nilivyozoea, akanishika mkono. Eti mgeni apumzike kwanza. Akaita kwa sauti, "Binti yangu! Mletee wifi yako maji!"

Wifi akaja na glasi. Hakunitazama. Mama alivyoenda kutafuta miwani yake, ndipo akasema harakaharaka, chini chini: Mama anatuchanganya, yeye na mimi, tangu mwanzo wa mwaka. Mwanzoni alikuwa anamsahihisha, Mama analia, anasema, "Mwanangu unanikana?" Akaacha kumsahihisha. Siku moja Mama akamwita jikoni, akamwambia leo ndiyo siku yako. Akampa lote.

"Alikuwa anakupa wewe, wifi. Mimi nilikuwa nimesimama tu pale."

Na mgahawa? Mama kamwambia aupike kila siku asije akausahau. Nyumbani wako wachache, nani atakula kuku kila siku? Akatafuta penye sufuria kubwa. Na mbona hamkuniambia? Kaka aliogopa. Kila wiki alikuwa anasema wiki ijayo.

Nimemkagua uso wote kutafuta uongo. Nimetafuta kweli, kwa bidii zangu zote. Sijauona. Laiti ningeuona!

Akasema, "Nikwambie kile kinachobakizwa? Ni chako." Nikasema hapana. Nataka nikisikie kwa Mama.

Mama karudi, kakaa pembeni yangu. Nikamwomba. Nimejitahidi sauti isivunjike. "Mama, nifundishe ule mchuzi wako."

Alivyofurahi! Kanishika kiganja, kaanza. Vitunguu, mpaka viwe rangi gani. Kuku aingie lini. Nyanya zisizidi. Moto upunguzwe, usikoroge ovyo. Taratibu, kwa upendo, kila kitu mahali pake, hakusahau hata tangawizi. Hapo katikati akafika mahali, akanitazama, akafikiri kidogo. Akakiruka kile kitu kimoja. Akaendelea na kufunika sufuria.

Wifi alikuwa mlangoni na sinia. Kafungua mdomo aseme. Nimemtikisia kichwa.

Si kwamba alisahau! Mama anajua anachokifanya. Kaniambia, "Ni hivyo tu, mkwe wangu, hakuna kingine," na kanipapasa mkono. Nimesema asante, Mama. Ndipo nikatoa kitabu hiki, nipate pa kuinamishia uso.

Ananigusa bega sasa. Anasema niache kuandika, nimrudie kwa mdomo, asikie kama nimeshika yote.